Kuipa pleya ya santuri athi bila kuleta mvumo

Umeshusha sindano, wimbo bado haujaanza, na chini ya ile mikwaruzo midogo ya santuri kuna kitu kingine: mmmmmm. Ukipandisha sauti, nao unapanda. Ukigusa mkono wa pleya kwa kidole unafifia, ukiachia unarudi. Wengi wakifika hapo hukimbilia waya. Mmoja anachomeka waya kwenye tundu la athi la soketi, mwingine anakata pini ya athi kwenye plagi ya amplifaya, na wa tatu anapigilia nondo nje ya dirisha. Watatu wote wameongeza hatari, na mara nyingi mvumo umebaki palepale.

Kosa linaanzia kwenye neno lenyewe. Tunasema "athi" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe kwenye pleya kuna athi mbili zenye kazi mbili. Ya kwanza ni athi ya usalama: ule waya wa kijani na njano unaotoka kwenye pini ya plagi hadi kwenye bati la kifaa, ili waya wa laivu ukigusa bati, umeme upate njia ya kurudi na fyuzi au swichi ikate kabla hujaguswa wewe. Ya pili ni athi ya sauti: ule waya mwembamba wenye kijiuma mwishoni, unaofungwa kwenye skrubu iliyoandikwa GND nyuma ya amplifaya. Huu haukulindi na chochote. Kazi yake ni kuufanya mkono wa pleya na vyuma vinavyouzunguka kuwa ngao, ili kelele za umeme zilizomo hewani ziishie kwenye ngao badala ya kuingia kwenye nyaya za sauti.

Ya kwanza haiguswi kamwe kwa ajili ya mvumo. Ya pili iwe na njia moja tu. Kazi yote iliyobaki ni kutafuta njia ya ziada isiyotakiwa ya athi ya sauti, au njia yake halali iliyokatika.

Kwa nini pleya, na si vifaa vingine

Katriji ni kile kijisanduku chenye sindano kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme. Ile ya sumaku inayosogea, iliyo ya kawaida zaidi, hutoa kama milivolti 3 hadi 5. Katriji ya koili inayosogea hutoa chini ya hapo mara kumi, mara nyingi milivolti 0.2 hadi 0.5. Linganisha na pleya ya CD inayotoa hadi volti 2. Kwa hiyo priampu ya fono (kikuzaji cha awali cha pleya, kilicho ndani ya amplifaya au kwenye kisanduku cha nje) hukuza ishara ya katriji ya kwanza kama mara 100, na ya pili mara 1,000.

Halafu kuna mkunjo wa RIAA, yaani kanuni ya kurekodi na kucheza santuri, ulioenea tangu miaka ya 1950. Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa ili mifereji isitanuke kupita kiasi, na priampu huirudisha wakati wa kucheza. Kwenye hezi 50 ukuzaji unakuwa kama mara saba zaidi ya ule wa hezi 1,000. Na hezi 50 ndiyo sauti ya umeme wa nyumbani katika sehemu kubwa ya dunia, au hezi 60 huko Marekani na kwingineko wanakotumia mfumo huo.

Piga hesabu. Kelele ya mikrovolti 50 tu ikinasa kwenye waya wa katriji, inakuzwa mara 100, kisha mara 7 tena. Inatoka milivolti 35, wakati muziki wenyewe uko kwenye milivolti 500. Hiyo unaisikia ukiwa chumba cha pili. Kelele hiyohiyo ikiingia kwenye kebo ya pleya ya CD, hutaijua maisha.

Kabla ya kushika chochote

Zima amplifaya, au angalau shusha sauti hadi sifuri, kila unapochomeka au kuchomoa plagi za RCA (zile za kebo ya sauti, zenye pini moja katikati na ukingo wa duara) na waya wa GND. Waya huo ukichomoka sauti ikiwa juu, spika hupiga mshindo unaoweza kuzichoma.

Usifungue amplifaya. Kapasita za ndani hushika umeme hata baada ya kuchomoa plagi.

Kama pleya ni ya zamani yenye bodi la chuma, usianze kwa kuigusa. Ichomoe ukutani, washa swichi yake, kisha weka multimita kwenye omu: ncha moja kwenye pini ya laivu ya plagi, nyingine kwenye skrubu ya bati. Rudia kwa nyutro. Mita isionyeshe muunganiko wowote. Kama plagi ina pini ya athi, kati ya pini hiyo na bati lazima usome karibu na sifuri, chini ya omu moja. Kipimo hiki hukamata kosa kubwa tu, kwa sababu multimita hupima kwa volti chache. Fundi umeme ana mita ya insulesheni inayosukuma volti 500, na kwa mashine yenye umri wa miaka hamsini ningemwita.

Ukihisi vidole vinawashwawashwa ukigusa chuma cha pleya au amplifaya, acha kazi hapo. Wakati mwingine ni umeme mdogo sana unaovuja kupitia kapasita za kuchuja kelele kwenye vifaa visivyo na athi, na wakati mwingine ni insulesheni inayokufa. Kwa kidole huwezi kutofautisha.

Hatua ya 1: Hakikisha ni pleya kweli

Geuza amplifaya iende kwenye ingizo lingine lisilo na kitu, sauti ikiwa palepale. Mvumo ukibaki, pleya haina kesi. Tatizo liko kwenye amplifaya au kwenye kebo za spika na vifaa vingine.

Mvumo ukiondoka, rudi kwenye fono, zima, chomoa plagi za RCA za pleya, washa tena. Tundu tupu la fono huvuma kidogo lenyewe kwa sababu liko wazi, basi usilihukumu hivyo. Tengeneza vizibo viwili: plagi za RCA za bei ya chini ambazo pini ya kati imelehemiwa na ukingo wa nje. Zichomeke kwenye ingizo la fono. (Kwenye ingizo tu. Ukizichomeka kwenye tokeo la kifaa unakifunga shoti.) Ukiwa na vizibo hivyo na bado mvumo upo, priampu yenyewe au kitu kilicho baada yake kina shida. Kukiwa kimya, sasa unajua mvumo unatoka kwenye kebo, mkono au katriji. Vizibo hivi viwili vimenipunguzia kazi kuliko chombo kingine chochote nilicho nacho.

Sikiliza pia aina ya sauti. Mvumo wa chini, laini, wa mviringo ni hezi 50 au 60, na mara nyingi hutoka kwa athi iliyokatika au transfoma iliyo jirani. Mlio wenye makali, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, una hezi 100 na kuendelea. Huo fikiria kwanza kitanzi cha athi, adapta ya umeme au taa ya kupunguza mwanga.

Hatua ya 2: Funga waya wa GND, na uupitishe vizuri

Tafuta waya mwembamba unaotoka nyuma ya pleya pamoja na kebo za RCA. Futa kijiuma chake hadi king'ae, legeza skrubu ya GND kwenye priampu, ingiza, kaza kwa vidole. Kama una priampu ya nje, waya unafungwa kwenye priampu hiyo, si kwenye amplifaya inayofuata. Hapa watu wengi hukosea: wanafunga kwenye skrubu yoyote waliyoiona kwanza, na priampu inabaki katikati bila kitu.

Waya umekatika au haupo? Waya wowote laini wa nyuzi nyingi wa milimita mraba 0.5 unatosha. Muhimu kuliko unene ni njia unayoupitisha. Uusokote taratibu kuzunguka kebo za RCA, safari nzima. Ukiuacha uning'inie mbali nazo, kati yake na kebo unabaki uwazi, na uwazi huo ni antena: kadiri ulivyo mpana ndivyo unavyonasa uga wa sumaku wa nyaya za umeme zilizo karibu. Kwa sababu hiyohiyo kebo za sauti zisilale sambamba na kebo za umeme. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba.

Usiwe na wazo la kuupeleka waya huu kwenye soketi, kwenye bomba la maji wala kwenye nondo yako mwenyewe ardhini. Neno athi linadanganya hapa. Pleya haihitaji udongo. Inahitaji kuwa na volteji moja na priampu, basi. Nondo ya pili, iliyo mbali na ile ya nyumba, inaweza kuwa na volteji tofauti na athi ya nyumba, hasa radi ikipiga jirani, na tofauti hiyo itapita kwenye kebo zako.

Hatua ya 3: Kipimo cha kidole

Sasa mota imezimwa, sindano iko juu, sauti ya kawaida. Gusa mrija wa mkono kwa kidole kimoja, kisha chuma cha kichwa kinachoshika katriji, kisha bati la pleya.

Mvumo ukipungua ukigusa mkono, mkono hauna athi: waya wake umekatika mahali fulani, na mwili wako unafanya kazi ya muda. Ukipungua unapogusa kichwa tu, mkono uko sawa lakini kichwa kimetengana nao. Ukiongezeka unapogusa, shuku waya wa hasi wa katriji uliolegea. Na kama hakuna kinachobadilika, kwa kawaida si ngao iliyokatika. Nenda kutafuta kitanzi au transfoma.

Hatua ya 4: Kitanzi

Kitanzi cha athi ni pale vifaa viwili vinapounganishwa na athi kwa njia mbili: moja kupitia kebo ya sauti, nyingine kupitia plagi za ukutani. Duara hilo hunasa uga wa sumaku wa umeme wa nyumbani, mkondo mdogo unazunguka kwenye ngao za kebo, na priampu inausoma kama muziki.

Dawa ni kuondoa kimoja kimoja. Bakiza pleya, priampu, amplifaya na spika. Chomoa kebo za vingine vyote: kompyuta, televisheni, kinasa. Kebo ya antena au ya king'amuzi ni mshukiwa mkubwa, kwa sababu mara nyingi imefungwa athi huko nje kwenye dishi au kwenye mtandao wa kampuni. Kompyuta ndogo inayochajiwa ni mshukiwa wa pili. Itoe kwenye chaja usikilize. Rudisha kimoja kimoja hadi mvumo urudi.

Ukishampata mkosaji, suluhisho halihusu pini ya athi. Chomeka vifaa vyote vya muziki kwenye ekstensheni moja ili athi zao zikutane mahali pamoja. Isipotosha, weka kitenganishi chenye transfoma kwenye kebo ya antena au kwenye kebo ya sauti ya kifaa hicho, ambapo ishara ni kubwa. Kati ya katriji na priampu usiweke kitu kama hicho.

Wapo watakaokwambia kwamba kukata pini ya athi ya amplifaya "kunafanya kazi". Kweli, mvumo hufa. Lakini sasa, siku transfoma ya ndani itakapovuja, bati la amplifaya litakuwa na laivu, na kwa kupitia ule waya wa GND uliofunga vizuri, mkono wa pleya nao utakuwa na laivu. Unaushika kila baada ya dakika ishirini.

Hatua ya 5: Isogeze

Niliwahi kupoteza wikendi mbili kwenye pleya moja. Nilibadilisha kebo, nikalehemu upya waya wa athi, nikasafisha kila mguso. Mvumo haukutikisika. Siku ya nne nikaisogeza kushoto kama shubiri mbili ili nione nyuma yake, na chumba kikanyamaza. Amplifaya ilikuwa rafu ya chini, transfoma yake chini kabisa ya katriji.

Uga wa sumaku haujali athi. Waya wa GND huzuia uga wa umeme; ule wa sumaku wa transfoma hupita bati la alumini na plastiki kama hewa. Kipimo chake ni rahisi: mota ikiwa imezimwa, sindano ikiwa ndani ya kinga yake, shika mkono na uupeleke polepole kutoka ukingo wa santuri hadi katikati. Sauti ya mvumo ikibadilika kadiri katriji inavyosafiri, kuna transfoma au adapta karibu. Rudia mota ikizunguka. Ikiwa sasa tu ndipo mvumo unakua unapoingia ndani, chanzo ni mota yenyewe. Katriji zisizo na ngao ya chuma huumwa zaidi na hilo, na kwa pleya ambayo mota iko karibu na njia ya mkono, kubadilisha katriji huenda kukawa jibu pekee.

Kwa transfoma, umbali ndio dawa. Nguvu ya uga huo hushuka haraka mno, hivyo sentimita thelathini hufanya maajabu. Pleya juu na amplifaya pembeni, si pleya juu ya amplifaya.

Hatua ya 6: Nyaya nne ndogo

Nyuma ya katriji kuna pini nne. Nyeupe ni chanya ya kushoto, bluu hasi ya kushoto, nyekundu chanya ya kulia, kijani hasi ya kulia. Mvumo wa upande mmoja tu karibu kila mara uko hapa. Badilisha plagi za RCA kushoto kwa kulia kwenye priampu: mvumo ukihamia spika nyingine, tatizo liko upande wa pleya.

Angalia kama kishikio cha waya mmojawapo kwenye pini kimelegea. Usikibane kikiwa juu ya pini. Kivute kwa kibanio chembamba ukishika chuma chake, si waya, kikaze kidogo juu ya kijiti cha meno, kisha kirudishe. Ukiwa na kichwa kinachochomoka, pini zake huvaa kutu nyeusi. Zisugue kwa kifutio cha penseli, pangusa na spiriti, kausha.

Kitu kinachowasumbua hata mafundi: katriji nyingi za sumaku inayosogea zina kikamba cha bati kinachounganisha hasi ya kulia na ganda la katriji. Kazi yake ni kulifanya ganda kuwa ngao. Lakini kama kichwa na mkono ni vya chuma na tayari vina athi yao, hasi ya kulia sasa imepata njia ya pili kupitia mkono. Hicho ni kitanzi kidogo ndani ya pleya yenyewe. Ukikiona, na katriji ni yako na haina dhamana ya kulinda, tenganisha kikamba hicho au tumia washa na skrubu za nailoni kuikinga katriji isiguse kichwa.

Hatua ya 7: Multimita, kwa adabu

Chomoa kila kitu na vua nyaya kwenye katriji kwanza. Mita ya omu husukuma mkondo, na koili za katriji, hasa zile za koili inayosogea, ni nyembamba kuliko unywele.

Pima mrija wa mkono hadi kijiuma cha GND: chini ya omu moja au mbili. Namba ikirukaruka unapousogeza mkono, athi inapita kwenye beringi badala ya waya, au waya umevunjika ndani ya ala yake. Pima kila waya wa katriji hadi plagi yake ya RCA. Kisha pima vitu visivyotakiwa kukutana: hasi ya kushoto na ya kulia, na kila hasi na GND. Visisome muunganiko.

Ila zipo pleya zilizoundwa kwa makusudi mkono ukiwa umeungwa na hasi ya chaneli moja, na kwa hiyo hazina waya wa GND kabisa. Rega ni mfano unaojulikana. Kwa hizo, kuongeza waya wa GND ni kutengeneza kitanzi ambacho hakikuwepo. Usiongeze.

Pleya yenye bodi la chuma na plagi ya pini tatu

Hapa athi mbili zinakutana ndani ya sanduku moja, na ndipo uangalifu unahitajika. Athi ya usalama ibaki kwenye bati na kwenye mota. Kama ndani mkono umeungwa na bati hilohilo, na amplifaya nayo ina pini ya athi, waya wa GND unafunga duara. Jaribu kuufungua waya wa GND: mkono tayari una athi kupitia bati, na mara nyingi hapo ukimya huja. Usipokuja, njia bora ni kuutenga mkono na bati kwa washa za plastiki, bati libaki na athi ya ukutani, mkono upewe GND ya priampu peke yake.

Pleya ya zamani ya chuma iliyokuja na kebo ya nyaya mbili haikupewa athi kiwandani. Kama haina alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, inayomaanisha insulesheni maradufu, mpe fundi umeme aiwekee kebo ya nyaya tatu. Na nyumba iwe na ile swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30.

Pleya za kisasa zinazotumia adapta ndogo zina ugonjwa wao. Adapta huvujisha kelele kidogo hadi upande wa volti za chini, na unasikia mlio mwembamba wa makali. Kama pleya ina skrubu ya GND, ifunge kwenye amplifaya. Kama ina priampu yake ya ndani, hakikisha huchomeki kwenye ingizo la fono: ishara itakuzwa mara mbili, besi itavimba, na utamlaumu waya asiye na kosa.

Kipimo cha mwisho

Mota inazunguka, sindano iko juu, amplifaya kwenye fono. Weka sauti pale unapoiweka ukiwa na wimbo, nenda ukae kwenye kiti chako cha kusikilizia. Usisikie kitu. Ukisogeza sikio hadi kwenye spika utasikia shhh laini ya priampu, na pengine mvumo mwembamba sana chini yake. Huo uache. Ukipandisha kitasa hadi mwisho utasikia mvumo kwenye pleya yoyote duniani, na hakuna anayesikiliza santuri hivyo.